Damu Iliyokataa Kutembea

Mwezi uliopita tulimzika wifi yangu Georgine. Katika siku za kilio wanawake wa familia walinitandikia mkeka ndani ya chumba cha nyuma cha nyumba ile ile ya kambi ya Panda, mjini Likasi, bila kujua wananilaza wapi. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati mimi nilipokuwa nikiishi humo. Kuta sasa zina rangi ya kijani na dirisha limetiwa vyuma, lakini joto la mchana ni lile lile, linaloingia na kukataa kutoka. Nilikaa pamoja na wenzangu, miguu nimeinyoosha, na kila baada ya muda nikasimama, nikazunguka uani, nikarudi kukaa. Mkwe wa Georgine, binti mwenye uso mpole, alinitazama mpaka uvumilivu ukamwishia. "Mama Vero, juu ya nini hautulie?" Nikamwambia mguu wangu hauniruhusu kutulia. Akautazama mguu wa kushoto, ulivyo mnene kuliko mwenzake, na soksi nzito inayofika gotini katika joto la Oktoba, akauliza kama ni ugonjwa wa sukari. Nikasema hapana, ni damu. Hapo ndipo Georgine angedakia, maana alikuwa na jibu lake fupi alilowapa wote waliouliza: "Damu yake inapenda kulala." Sasa yeye mwenyewe alikuwa amelala, na jibu likanibakia mimi. Nilianza kumweleza yule binti habari za damu, na mara nikaona kwamba haielezeki bila kuueleza mwaka ule wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeolewa na Prosper, fundi wa umeme katika kiwanda cha shaba cha Shituru, na tuliishi pamoja na mama yake na Georgine, dada yake mkubwa, mshonaji aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Nyumba ilikuwa ya kampuni kama nyumba zote za kambi ile: matofali mekundu, bati, ua mdogo, na bomba la maji la kushirikiana na majirani. Nilikuwa nimekwisha kupoteza mimba mbili, zote zikiwa kubwa, za mtoto anayecheza tumboni halafu siku moja anaacha kucheza. Ya pili ndiyo iliyoufungua mwaka huo. Nilimzaa mtoto asiye na sauti, nikarudishwa nyumbani, na kabla maziwa hayajakauka kifuani mguu wa kushoto ukaanza kuvimba. Ulivimba kuanzia kifundo hadi kwenye paja, ukawa mgumu, unang'aa, wenye rangi ya biringanya. Nikawekwa katika kile chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha chuma, mbele ya dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Hakukuwa na cha kuona, kwa hiyo nilisikiliza. Nilisikia ndoo zikigongana bombani, na wanawake wakiulizana kama maji yatakuja leo. Nilisikia king'ora cha kiwanda, ambacho zamani kiliita watu kazini kila siku bila kukosa, na mwaka ule kilikuwa kinalia siku hii na kunyamaza siku ile. Niliwasikia wanaume wakirudi mapema mno, wakivuta viti, wakisema mashine fulani imesimama na hakuna kipuri. Mji mzima ulikuwa unapunguza sauti, na mimi niliufuata kwa masikio, nikiwa chali.

Mama mkwe alikuwa na maelezo yake kuhusu mguu. "Amekanyaga dawa," alisema. "Kuko muntu aliweka kintu mu njia." Hakuwa mwanamke mbaya, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Alikuwa amezika wajukuu wawili waliofungwa katika vitambaa, na alitaka kujua nani anamfanyia hivyo. Aliwaita watu wa maombi, ingawa sisi tulikuwa Wakatoliki, na wakajaza chumba. Mmoja wao, mama mwenye mikono yenye nguvu, alileta mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, akaanza kuukanda mguu kutoka chini kwenda juu huku akikemea. Maumivu yalikuwa makali kiasi cha kunifanya niume shuka. Halafu maumivu yakahama. Kitu kilinichoma ubavuni kama sindano ya kushonea magunia, na pumzi ikakatika. Nilifungua mdomo, hewa haikuingia. Waliokuwa wanaomba walidhani pepo anatoka, wakaongeza sauti. Georgine peke yake ndiye aliyeniangalia usoni. "Muache! Muache, hapumue!" alipiga kelele, akawasukuma, akakimbia kumtafuta mwenye gari.

Hospitali ndipo nilipokutana na Daktari Ntumba. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi sana, mwenye sauti ya chini, na mfuko wa koti lake jeupe ulikuwa na karanga ambazo alizitafuna akifikiri. Aliposikia habari ya kukandwa aliacha kutafuna. Akaniambia, polepole, kwamba damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu, kwamba kipande kilimeguka kilipokandwa na kusafiri mpaka kwenye pafu, na kwamba kipande kikubwa zaidi kidogo kingeniua pale pale. "Mguu kama huu haukandwake," alisema. "Hata kama ni malaika anakuja na mafuta, umukatalie." Akanitundikia dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda, akatoa damu yangu kwa ajili ya vipimo, na kila asubuhi akaja kuniuliza maswali ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Je, watoto walikufa mimba ikiwa kubwa tayari? Walikuwa wadogo kuliko umri wao? Nilishawahi kuvimba mguu mwingine? Ngozi ya mapaja huwa inatoka madoa kama wavu? Nilijibu ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo, na yeye akatafuna karanga zake.

Lakini kabla hajapata jibu lake, jibu lingine lilitoka. Mama mkwe alikuwa amekuja kuniletea chakula, bukari, ugali wetu, na dagaa tunaowaita ndakala, bado amesimama mlangoni na bakuli mikononi, wakati muuguzi mmoja alipopita akasema kwa sauti ya kusomea watu waliopanga foleni: "Bibi ya Prosper, examen yako ya damu imetoka. Iko na kaswende. Bwana yako akuye naye." Mama mkwe aliliweka bakuli sakafuni, si mezani, akageuka, akaenda. Niliporudi Panda kambi yote ilikuwa inajua, kwa kuwa aliisema bombani, mbele ya foleni ya ndoo. Prosper alipimwa na hakuonekana na kitu. Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angekuwa nacho tungekuwa wagonjwa wawili. Kwa kuwa hakuwa nacho, nilikuwa nimekileta mwenyewe kutoka nje, na wale watoto nilikuwa nimewaua kwa tabia yangu.

Miezi iliyofuata naikumbuka kwa vyombo. Nilipewa kikombe changu cha bati, sahani yangu yenye ua la buluu, na kijiko changu, navyo vilioshwa peke yavyo, mwisho, kwa maji yaliyokwisha kutumika. Prosper alihamishia godoro sebuleni. Hakunitukana, alikuwa akiingia asubuhi kuchukua shati, ananiuliza kama nimelala, anatoka. Mama mkwe alihamisha kiti chake kutoka uani akakiweka kwenye korido, karibu na mlango wangu, akawa anachambua mboga pale, ili yeyote anayeingia au kutoka apite machoni pake. Kwetu kulikuwa mbali, treni za abiria hazikuwa na uhakika, na mguu haukuweza kunifikisha hata barabarani. Jioni moja, kupitia mlango usiofunga vizuri, niliwasikia mama na mwana.

"Rudisha ye kwabo," mama mkwe alisema.

"Mama, hafike hata ku choo bila kushikiliwa."

"Basi akipona."

Nilimsikia Prosper akisukuma kiti chake nyuma. "Akipona tutaona," akasema.

Nililala nikiyapima maneno hayo. Nikipona nitafukuzwa, nisipopona nitakufa. Mguu ulikuwa umenifunga, na mguu huo huo ndio ulionifanya niwe bado na paa. Kuna nyakati huzuni ilinizidi mpaka nikatamani uvimbe usiishe. Sasa, nikiwa mwanamke mzima mwenye wajukuu, nimewahi kufungiwa kwingine, katika foleni, katika mipaka, katika vita vilivyokuja baadaye, lakini sijawahi tena kufungiwa mahali ambapo mlango wenyewe ni adhabu.

Aliyeuvunja ukuta huo alikuwa Daktari Ntumba. Alituita sote wanne hospitali, akatukalisha katika chumba kidogo chenye kitanda cha kupimia na kiti kimoja, ambacho alimpa mama mkwe kwa heshima, sisi wengine tukasimama. Akasema alipeleka damu yangu Lubumbashi kwa kipimo kingine cha kaswende, kilicho makini zaidi, na kipimo hicho kimesema hakuna kitu, haikuwepo, haijawahi kuwepo. "Kile cha kwanza kinadanganyikaka," alisema. "Kuko bugonjwa moja inayokidanganya, na njo ile miye nilikuwa natafuta." Akaeleza. Ndani ya mwili, alisema, kuna askari wanaotulinda na vijidudu. Wangu walikuwa wamechanganyikiwa, wanawapiga watu wa nyumba yao wenyewe. Wanaishambulia ngozi ya ndani ya mishipa, na damu ikishtuka inaganda mahali isipopaswa kuganda: mguuni, kwenye pafu, na ndani ya kondo la nyuma, pale mtoto anapopatia chakula. Watoto wangu hawakuuawa na uchafu. Njia yao ya chakula iliziba.

Mama mkwe alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Docteur," akasema, "damu inaweza kusema buongo?"

"Damu hapana, mama. Ni siye tunaisomaka mubaya."

"Na nani alimupa hii bugonjwa?"

"Hakuna muntu."

"Hakuna muntu," mama mkwe alirudia, na niliona jinsi jibu hilo lilivyomwacha bila mahali pa kushika. Jioni ile Prosper alirudisha godoro chumbani. Hakusema samahani, alikaa pembeni ya kitanda, akaushika mguu wangu kwa viganja viwili bila kuukanda, kama mtu anayeshika mkate wa moto, akakaa hivyo mpaka nikalala. Lakini kikombe cha bati na sahani ya ua la buluu viliendelea kuwa vyangu peke yangu. Mama mkwe hakuwa ameamini. Alikuwa amenyamaza tu.

Daktari alinipa vidonge vya kuilegeza damu, na onyo: nikikosa hedhi nikimbie kwake siku ile ile, kwa sababu vidonge vile vinaweza kumharibu mtoto. Nilikosa hedhi. Nikakimbia, kwa namna mguu ule ulivyoweza kukimbia. Alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu, akaondoa vidonge, akaweka sindano asubuhi na jioni chini ya ngozi ya tumbo, pamoja na kipande kidogo cha aspirini kila siku. Akamfundisha Georgine kuchoma. Tukaanza maisha ya sufuria ndogo: Georgine alichemsha bomba la kioo na sindano juu ya mbabula, makaa yakitoa moshi uani, halafu anaingia, ananibana ngozi, anasema "Vuta pumuzi, wifi," na anachoma. Tumbo langu likawa na madoa ya zambarau na ya njano kama ramani. Na nilikatazwa kulala mchana kutwa. Madaktari wa zamani wangenifunga kitandani. Yeye alisema kitanda ndicho rafiki wa ugonjwa wangu. Kwa hiyo nilitembea. Kutoka chumbani hadi korido, nikikipita kiti cha mama mkwe, hadi uani, hadi kwenye ukuta, na kurudi. Mfungwa anayezunguka uwanja wake, alinitania Georgine, na tukacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ndipo ikaja ile hali ambayo watu wa Likasi wa rika langu mpaka leo wanaisema kwa kuangalia pembeni. Ilianza kwa maneno, kwamba watu wenye asili ya Kasaï warudi kwao, watu ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba hii na ambao hawakuwa na kwao kwingine. Kisha yakaja mawe juu ya mabati. Kutoka chumbani kwangu nilisikia nyumba ya pili kutoka kwetu ikivunjwa mlango, sahani zikianguka moja moja kana kwamba mtu anazichagua, na mama mmoja akisema kwa utulivu wa kutisha, "Muache basi sufuria ya mutoto." Watu wakakimbilia kituo cha treni, wakajaa humo na viwanjani kote, wakilala chini ya mabati na mashuka, wakisubiri mabehewa. Prosper alirudi kutoka hospitali bila dawa, na uso ambao sikuujua. "Docteur Ntumba iko ku gare," akasema. "Bamemutosha mu nyumba." Asili yake yeye pia ilikuwa Kasaï, na walikuwa wamemfukuza kwake.

Nilikuwa na mimba ya miezi sita, umri ambao mtoto wa pili alikuwa amenyamaza. Chupa za dawa zilizobaki zilitosha kwa muda mfupi. Hakuna daktari mwingine aliyekuwa amewahi kulitaja jina la ugonjwa wangu. Nikasema nitakwenda kituoni. Mama mkwe akasimama kutoka kwenye kiti chake, kwa mara ya kwanza akaziba mlango kwa mwili wake.

"Batakuona na bale batu, batakuya kuchoma nyumba yetu," alisema. "Unataka sisi wote tukufe?"

"Mama," nikamwambia, "kama siende, mutoto anakufa humu ndani ya tumbo, na weye utamuzika tena."

Tulitazamana. Sikuwahi kumtazama machoni kwa muda ule, haikuwa adabu. Yeye ndiye aliyeyaondoa macho. Alikwenda jikoni, na nikadhani amekwenda kulia. Akarudi na sufuria imefungwa kwa kitambaa, bukari na sombe ya majani ya muhogo, ikiwa bado ya moto. "Kama banawauliza," akamwambia Georgine, "museme munaenda kilio." Akarudi kukaa.

Nilitembea njia ile na Georgine, nikisimama mara kwa mara kuupumzisha mguu. Vijana waliokuwa wameweka gogo barabarani waliliangalia tumbo langu, wakaiangalia sufuria, wakatuachia. Harufu ya kituo ilitufikia kabla ya kituo: moshi, vinyesi, kuhara kwa watoto. Watu walikuwa wamekaa bega kwa bega mpaka kwenye reli. Tulimkuta Daktari Ntumba chini ya shuka iliyotundikwa kati ya makabati mawili, pamoja na mama yake mzee na binti zake, koti jeupe amelivaa bado, limekuwa la kahawia. Alikuwa anamtibu mtoto wa mtu. Aliponiona hakushangaa, alinionyesha mahali pa kulala. Binti zake wakashika kanga kunizunguka, na yeye akaniwekea sikio lake tumboni, sikio tupu, kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa vimechukuliwa. Karibu yetu watu walikuwa wanagombania maji. Alifumba macho, akasikiliza kwa muda ambao nilishindwa kuvumilia.

"Docteur, anapiga?"

"Nyamaza nimusikie." Kisha: "Anapiga. Anapiga muzuri."

Nikalia. Hakunibembeleza. Alimkalisha Georgine mbele yake, akaanza kumwambia kila kitu, na kumfanya akirudie. Sindano zisiruke hata siku moja. Uchungu ukianza, sindano ikome. Mtoto akishatoka na damu ikitulia, irudi, kwa kuwa majuma baada ya kuzaa ndiyo ya hatari zaidi. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona nyota, mikono ikivimba, hospitali mara moja. Pumzi ikikata, hospitali mara moja. Baadaye, vidonge, na vidonge hivyo ni vya maisha. "Sombe, lengalenga, matembele, anaweza kula," alisema, "lakini kipimo kimoja, kila juma sawasawa. Asikule sana leo na kesho aache. Majani inapiganaka na ile dawa." Akanigeukia. "Na dawa yenyewe, mutumie bale banaopita mupaka, Zambia iko nayo. Musichoke kutafuta. Hii bugonjwa haiponake, Vero, lakini inakubali kuishi na muntu." Nikamuuliza yeye atakwenda wapi. Akasema Mbuji-Mayi, mji ambao alikuwa ameuona mara moja tu, akiwa mtoto, kwenye harusi. Mama yake mzee alikuwa amekwisha kufungua sufuria yetu na kuwagawia wajukuu. Alikuwa anaonja sombe kwa kidole, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mpishi anayemheshimu mpishi mwingine, "Imepondwa na muntu mukubwa."

Niliisikia treni yao siku chache baadaye, mchana, kutoka kitandani. Ilipiga honi ndefu, na kambi yote ikanyamaza, hata bombani. Sijawahi kujua kama alifika. Katika mabehewa yale watu walikufa njiani, hilo kila mtu analijua. Kwa miaka mingi nilimuuliza kila msafiri aliyetoka Kasaï, na wapo walionijibu kwamba wanamfahamu daktari mwanamke mfupi, wengine wakasema yuko hai, wengine wakasema siye. Nimejizoeza kuishi bila jibu. Kinachonikaa zaidi ni kwamba sisi tulibaki na nyumba zao zilizo wazi, na hospitali yenye vitanda visivyo na madaktari, na kwamba wengi waliopiga kelele siku zile walikuja kulia katika korido hizo hizo miezi michache baadaye, wakiwa na wagonjwa wao mikononi.

Miezi iliyobaki nilikuwa ndani ya chumba na ndani ya mwili kwa namna moja. Tuliuza friji yetu, na chupa za dawa zikaja kupitia mwanamke mfanyabiashara aliyezificha kati ya vitenge. Kila mara mtoto aliponyamaza tumboni kidogo niliacha kila kitu, nikakaa, nikangoja, na Georgine akaacha cherehani, na mara nyingine nilisikia kisu cha mama mkwe kikiacha kukata mboga kule korido. Kisha mtoto anapiga teke, nami nasema "Amecheza," kwa sauti, kama namwambia ukuta, na kisu kinaanza tena. Katika mwezi wa nane wa mimba mikono yangu ilivimba na kichwa kikaanza kupasuka. Georgine hakungoja. Katika nyumba ya uzazi mkunga mzee alisikiliza maelezo yake yote, akasema hajui ugonjwa huo lakini anaijua presha, akamwita daktari kijana, na wote wawili wakakubali kufuata tulichoambiwa. Sindano ikakoma. Nikazaa alasiri, mvua ikipiga bati kiasi kwamba sikusikia kama mtoto analia. Nikamwona mkunga anafungua mdomo, anasema kitu, sisikii. Akamwinua. Mdomo mdogo ulikuwa wazi, umekunjana kwa hasira, na ndipo nilipojua kwamba analia.

Alikuwa mdogo kama kuku, na hapakuwa na mashine ya kumtia joto kwa kuwa umeme ulikuwa unakwenda na kurudi. Mkunga akasema abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, kwa zamu. Nilikuwa dhaifu, Georgine alikuwa na sindano na kuchemsha. Mama mkwe alifungua vifungo vya blauzi yake mbele ya wote, akanyoosha mikono. "Mulete," alisema. Alimkalisha kati ya maziwa yake ya kizee, akafunga kitenge juu yao, na kwa majuma mengi alitembea nyumbani taratibu, amenyooka, hainami kuokota kitu, akiongea na kifua chake kwa Kibemba.

Mwaka mzima na zaidi kidogo ulikuwa umepita siku nilipokata kidole. Nilikuwa nimerudi kwenye vidonge, na kwa mara ya kwanza niliomba kupika mwenyewe. Nilikaa uani nakata lengalenga, kipimo kile nilichoruhusiwa, kisu kikateleza. Halikuwa jeraha kubwa, lakini damu ilitoka nyekundu, nyepesi, ikatiririka mkononi hadi kwenye kiwiko, ikaingia kwenye mboga, na haikuonyesha dalili ya kukoma. Nikakitazama kidole kwa mshangao, nimekaa tu. Georgine alikuwa ametoka. Mama mkwe alikuja kutoka korido, mtoto kifuani, akaketi chini mbele yangu kwa shida, akachukua pembe ya kitenge chake mwenyewe, akakizungushia kidole, akabana.

"Inaomba kubanwa," alisema. "Docteur alisema vile. Georgine aliniambia."

"Ndiyo, mama."

"Bila kuachilia."

"Bila kuachilia."

Alibana. Mikono yake ilikuwa migumu na ya moto. Tangu siku ya bakuli hakuwa amenigusa hata mara moja. Tulikaa hivyo, magoti yakigusana, mtoto analala kati yetu, nzi wanatua kwenye lengalenga. Kila alipolegeza kuangalia, damu ilichungulia tena, naye akabana upya, akinung'unika kana kwamba anagombana na mtu. Kivuli cha ukuta kikahama. Bombani mwanamke mmoja alituona, akaita, "Mama Prosper, kuko nini?" na yeye akajibu bila kugeuka, "Ni mwana wangu amejikata." Akaendelea kubana.

Prosper alirudi kutoka kazini akatukuta pale. Mbabula ilikuwa imezimika, unga ulikuwa bado ndani ya mfuko, na mama yake na mke wake wameketi chini, wameshikana, kama watu wanaongoja picha ipigwe. Akauliza chakula kiko wapi. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kumruhusu mwanawe hata kunawa kikombe, alimwonyesha jiko kwa kidevu.

"Mikono yetu iko na kazi," alisema. "Songa weye."

Prosper alisonga bukari. Ilikuwa na madonge makavu katikati na imeungua chini. Alikuwa ametoa sahani zote kabatini bila kujua ipi ni ya nani, akapakua, akanipa mimi ya mama yake na mama yake akampa ile yenye ua la buluu. Mama mkwe aliitazama. Kisha, mkono mmoja ukiwa bado umenibana kidole, akamega tonge kwa mkono wa pili, akala mpaka sahani ikawa nyeupe.